Mdalasini kwa Panya wa Kadi Nyeupe

Kitu cha kwanza nilichokiona ni machozi. Panya weupe waliotoka kupasuliwa walikuwa na alama nyekundu pembeni mwa macho, imekauka, kama mtu aliyejipaka wanja mwekundu akalala nao. Nilidhani ni damu. Nilichukua pamba yenye maji nikamfuta mmoja. Asubuhi iliyofuata alama ilikuwa imerudi palepale.

"Siyo damu hiyo," Yakobo aliniambia. "Panya akiwa na maumivu, machozi yake hutoka mekundu. Akipata nafuu yanakoma. Ninyi Waluguru mnachokijua ni ndizi tu?"

Yakobo alikuwa fundi wa maabara, Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa miaka hamsini na kitu. Wanyamwezi na Waluguru ni watani, kwa hiyo tangu siku yangu ya kwanza aliniita mtumwa wake, nami nilitakiwa nimjibu kwa ukali zaidi. Sikuweza. Mimi nikisemeshwa hutazama miguu yangu.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tatu. Viwanda vya Morogoro vilikuwa vinafungwa kimoja kimoja, au vinangoja mnunuzi, wakati madukani bidhaa za nje zilijaa mpaka mlangoni. Kaka yangu Oscar alikuwa amerudi nyumbani Matombo na begi lake na karatasi ya kupunguzwa kazini. Mimi niliacha shule darasa la tano mama alipougua. Nilipata kibarua cha kuosha vizimba katika nyumba ya panya, kwenye kituo kimoja cha utafiti mjini, chini ya mlima. Kutoa maranda machafu, kuweka mapya, kujaza chakula na maji. Nilikipenda kibarua kile kuliko ninavyoweza kueleza. Panya hawamsemeshi mtu.

Mwenye utafiti alikuwa Dokta Martina, daktari wa upasuaji, mwanamke mwembamba aliyeimba nyimbo za kwaya kila alipokuwa akishona. Alimlaza panya kwa nusukaputi, akafungua tumbo, akabana mshipa wa figo kwa kibano kidogo kuliko ukucha, kisha akatazama saa. Baada ya dakika arobaini na tano alikiachia. Siku moja alinikuta nimesimama na ufagio wangu, nashangaa.

"Njoo uone, Editha. Unaona figo ilivyokuwa nyeusi? Sasa naachia. Tazama."

Figo ikaanza kurudisha wekundu, kidogo kidogo, kutoka upande mmoja hadi mwingine.

"Imepona," nilisema.

"Kila mtu hudhani hivyo. Kumbe sasa ndipo inapoumia." Alisema huku akitafuta sindano ya kushonea. "Ilikuwa na njaa ya hewa. Damu inaporudi, hewa inaingia kwa mkupuo. Na hewa hiyohiyo inayotupa uhai ndiyo inayoupa msumari kutu. Inaila figo kwa ndani. Mtu akipata ajali barabara ya Dumila, wanamfunga mguu kwa kamba damu isimwagike. Anafika hospitali, tunafungua kamba, tunamshukuru Mungu. Siku ya tatu hakojoi tena. Nimewaona wengi. Natafuta dawa ya hiyo kutu."

Alikuwa nayo tayari, au alidhani anayo: maji ya kijani aliyoyachuja kutoka kwenye majani ya mti wa milimani. Panya kumi na wawili, ambao vizimba vyao vilibandikwa kadi ya bluu, walidungwa dawa hiyo kabla kibano hakijaachiwa. Wengine kumi na wawili, wa kadi nyeupe, walidungwa maji ya chumvi. Wote walipasuliwa sawasawa na kushonwa sawasawa.

Hapo ndipo roho yangu ilipokataa. Kwa bibi yangu Filomena, mtu aliyekatwa hapewi maji matupu. Mwanamke akijifungua, kijana akitoka jandoni, mtu akijikata na panga shambani, bibi huchemsha magome ya mdalasini wa nyuma ya nyumba, na hicho ndicho kinywaji cha mgonjwa kwa siku saba. Kumpa maji matupu, bibi husema, ni kumwambia afe akipenda. Na hawa wa kadi nyeupe walikuwa wamenyimwa dawa. Halafu nami niwape maji matupu?

Chumbani kwangu nilikuwa na mdalasini wa chai. Niliuchemsha, nikaupooza, nikajaza chupa za kadi nyeupe. Chupa zenyewe zilikuwa za kioo cha kahawia, kwa hiyo hakuna aliyeona. Walikunywa vizuri. Machozi mekundu yakaanza kupungua kwa wa bluu, na kwa wa kadi nyeupe vilevile, nami kila asubuhi niliingia kazini nikiwa na furaha yangu ya siri.

Siku ya saba Dokta aliwalaza wote mara ya mwisho, akatoa figo. Nililijua hilo tangu mwanzo. Figo zilisagwa, zikachanganywa na dawa ya kupimia kwenye tyubu za kioo, zikapashwa moto. Tyubu ikigeuka rangi ya waridi iliyokolea, kutu ni nyingi. Ikibaki imepauka, figo imesalimika. Nilipokwenda kuzichukua nizioshe, zote zilikuwa zimepauka, kama maji ya kusuuzia kanga mpya. Za bluu na za nyeupe huwezi kuzitofautisha.

Dokta Martina alikuwa ameketi kwenye ngazi ya nje, haimbi.

"Dawa yangu na maji ni kitu kimoja, Yakobo. Miaka mitatu napanda mlima kuchuma majani."

"Pengine ni mashine, Dokta."

"Nimepima mara mbili. Ijumaa napeleka barua kwamba nimesimamisha. Nisije nikampa mtu maji nikamwambia ni dawa."

Nilikuwa nyuma yao na ndoo yangu. Ilikuwa Jumatano. Nilisimama pale mpaka mkono ukafa ganzi. Dawa nzuri ilikuwa inakwenda kutupwa, na aliyeitupa ni mimi. Nikisema, kibarua kimekwisha, na kwetu aliyebaki na kazi ni mimi tu. Nisiposema, watu wa barabara ya Dumila wataendelea kufunguliwa kamba.

Kumwambia Dokta nilishindwa. Lakini kwa mtani hakuna aibu, ndivyo wanavyosema, kwa hiyo Alhamisi asubuhi nilimwendea Yakobo.

"Wale wa kadi nyeupe niliwapa mdalasini."

"Nini?"

"Wa kuchemsha. Siku zote saba."

Alinitazama. Kisha akacheka mpaka akashika meza. "Leo mtumwa wangu amejua utani! Mwaka mzima nakuchokoza unatazama miguu, kumbe unanipikia hili! Uliwapa na maandazi?"

"Sikuwapa maandazi."

"Sukari je?"

"Hapana. Yakobo, ni kweli."

"Kweli kabisa! Na wale wa bluu wakanuna kwamba hawakualikwa!"

Akatoka kwenda kumsimulia mlinzi. Nilimsikia mlinzi naye akicheka. Mpaka mchana, kila niliyepishana naye aliniuliza kama chai imeiva. Ukweli wangu ulikuwa umetangazwa kituo kizima na hakuna hata mmoja aliyeuamini.

Kwa hiyo ilinibidi. Nilichukua chupa moja ambayo nilikuwa sijaiosha, nikabisha mlango wa Dokta.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, Editha. Kama ni ile chai ya panya, nimeshasimuliwa. Angalau mmenichekesha."

"Siyo utani."

Nikaiweka chupa mezani. Aliizibua, akanusa. Tabasamu likamwisha usoni.

"Wangapi?"

"Wote kumi na wawili."

"Siku ngapi?"

"Zote."

"Kwa nini?"

"Walikatwa. Kwetu aliyekatwa hapewi maji matupu. Na dawa walinyimwa."

"Hawakunyimwa." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilinitisha zaidi. "Nilitaka kuona figo isiyosaidiwa inakuwaje, ndipo nijue kama hii nyingine imesaidiwa kweli. Hukulijua hilo?"

"Sikujua, Dokta."

"Panya ishirini na wanne. Hao uliowahurumia, Editha, wamekufa bure. Unaelewa? Bure kabisa."

Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilitazama miguu yangu, na machozi yakadondokea viatu.

Aliizungusha chupa mkononi. Halafu akanusa tena.

"Unajua kuna nini ndani ya mdalasini?"

"Harufu," nilijibu.

Akacheka, bila kutaka. "Harufu ipo. Na kuna vitu vinavyoizuia ile kutu. Yaani wewe na bibi yako mmewatibu wagonjwa wangu wasiotakiwa kutibiwa, na mimi nikataka kuitupa dawa yangu kwa sababu hiyo." Barua yake ilikuwa mezani, imeandikwa nusu. Akaigeuza upande wa pili, akaanza kuchora vizimba. "Tunaanza upya. Kadi nyeupe, kadi ya bluu, na kadi ya kijani kwa mdalasini wa bibi. Wewe utaandika uzito wao kila asubuhi. Unaandika?"

"Naandika. Polepole."

"Panya hawana haraka. Ila nyeupe ni maji. Maji tu, hata wakikutazama."

"Hata wakinitazama," nilisema.

Nje nilimkuta Yakobo anasubiri, kofia mkononi. Alikuwa amesikia yote mlangoni.

"Lakini mtani, mtu anasemaje jambo kubwa kama hilo na sura ileile ya kuomba ufagio?"

"Nilikuambia kwa Kiswahili," nilimjibu. "Au Mnyamwezi mpaka apigiwe ngoma?"

Akavaa kofia, akainama kama mbele ya mtemi. Tangu siku hiyo tunajibizana mpaka Dokta anatufukuza maabara.

Tulirudia kazi yote mvua za masika zilipopungua. Niliwajazia maji wa kadi nyeupe mimi mwenyewe, kila siku, na kila siku niliandika uzito wao kwenye daftari kubwa kwa wino wa bluu. Haikuwa rahisi. Wengine waliacha kula, wakajikunja kwenye kona ya kizimba, nami niliandika hivyohivyo: amejikunja, hajala. Dokta alisoma ukurasa ule akasema mwandiko wangu unasomeka kuliko wake.

Siku ya kupima aliniita kabla hajaanza. Tulisimama watatu mbele ya tyubu zikipata rangi. Za kadi nyeupe zilikolea, waridi nzito kabisa. Za bluu zilipauka. Za kijani zilipauka pia, karibu sawa na za bluu. Yakobo alisema tu, "Haya." Dokta aliimba wimbo wa Pasaka ingawa Pasaka ilikuwa imekwishapita, na baadaye akatukumbusha kwamba panya siyo mtu, kwamba huu ni mwanzo, kwamba kuna miaka mingi mbele. Lakini aliimba.

Taarifa yake ilipochapishwa, alinipa nakala. Mwishoni, penye majina ya wanaoshukuriwa, lipo la Yakobo, lipo langu, na lipo la Filomena wa Matombo. Niliipeleka nyumbani. Bibi alishika karatasi kwa mikono miwili, akataka nimwoneshe jina lake lilipo, akalipapasa kwa kidole.

"Na panya walipona?" aliuliza.

"Hapana, bibi."

Alifikiri kidogo. "Basi una kazi ngumu," alisema, akaenda kunifungia mdalasini mwingine kwenye jani la mgomba.

Sasa ni mwaka wa pili tangu siku zile. Siyo kibarua tena. Nina barua ya ajira, na kila asubuhi nafungua daftari. Nalala vizuri. Nyumbani Oscar ameanza kuuza ndizi kwa wenye malori, na anapata riziki yake. Sina ninalolilalamikia.

Ila lipo jambo moja. Nilimwambia Dokta sikujua kwa nini wa kadi nyeupe wanapewa maji, na kila mtu ananisifu kwamba nilikosea kwa kutojua kisha nikasema ukweli. Ile mara ya kwanza, siku ya tatu, nilimwuliza Yakobo. Alinieleza vizuri sana, kwa mfano wa mashamba mawili ya mahindi, moja limetiwa mbolea na moja halikutiwa, ili mkulima aone. Mimi ni mtoto wa mkulima. Nilielewa palepale. Jioni nikachemsha mdalasini tena, na kesho yake, na siku zote zilizobaki, kwa sababu walikuwa wameanza kula na sikutaka waache. Yakobo anakumbuka kwamba alinieleza. Ananitania kwa kila kitu, hata kwa mwendo wangu, lakini kwa hilo hajawahi.

Dokta Martina, nilijua.