Boila Nyuma ya Choo

Jumanne saa nne asubuhi, Atuganile alikuwa anapima mkono wa joho la kumi na mbili alipoona bomba la moshi limesimama nyuma ya choo. Jana yake halikuwepo. Chini yake palikuwa na boila lenye milango miwili ya chuma, na pembeni mtambo wa kuzalisha umeme. Baba yake, Mzee Gibson, aliyezikwa miaka thelathini na moja iliyopita, alikuwa ameinama na beleshi, kifua wazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Lete maji. Boila likikauka linapasuka. Mie halinidhuru tena, ila wewe una watoto."

Akachota kisimani. Transfoma ya mtaa ilichukuliwa kutengenezwa miezi mitatu iliyopita, cherehani yake ya umeme imefunikwa kanga, na kwaya ilitaka majoho ishirini na manne Jumamosi. Yasipokuwa tayari, mwenyekiti alishasema, kazi zote za kwaya zinahamia kwa fundi wa Ukonga.

Mzee alifanya kazi kama enzi zake kwenye kituo cha kuzalisha umeme. Makaa ya mawe hayatupwi tu kama takataka. Yanasambazwa membamba, nyuma kwanza kisha mbele, na mlango unafungwa upesi baridi isiingie. Moto mwekundu ni wa kuchomea mahindi; moto wa umeme ni mweupe. Maji yakawa mvuke, mvuke ukapita bombani ukasukuma mapanga ya mtambo, mtambo ukazunguka, ukanguruma. Jicho la mzee halikubanduka kwenye geji, mshale usije ukashuka chini ya mstari.

Zuena, jirani, alichungulia juu ya ukuta. "Mama Lulu, nguo zangu nyeupe hizi! Mwambie marehemu afanye kazi kistaarabu."

"Mwambie mwenyewe, si huyo hapo."

Zuena akaamkia, akaanua nguo zake.

Adhuhuri umeme ukapatikana. Waya ulitoka mtamboni, ukapanda juu ya bati la Atuganile, ukaruka la Zuena, ukaivuka Kiwalani yote bila kushuka kwenye nyumba hata moja, ukaelekea Kunduchi, kwenye mahoteli ya ufukweni.

"Baba, mbona unapita?"

"Ulikuwaga unapita. Sie wafanyakazi kambini tuliwasha koroboi."

"Na hamkuuliza?"

"Tuliuliza. Wakatuongezea sabuni."

Kesho yake akaja Brightson, afisa wa umeme, kijana msafi mwenye ramani kwapani. Alisoma geji, akausifu mvuke.

"Mwanangu, naomba waya mmoja tu," Atuganile alimwambia. "Boila liko uani kwangu."

"Nakuelewa kabisa, mama. Ila ramani inaonyesha hapa ni njia ya waya tu. Hakuna mteja."

"Ramani ya lini?"

Brightson akaigeuza. Ilikuwa ya mwaka ambao Mzee Gibson aliajiriwa.

"Bado inatumika," alisema, akaomba maji ya kunywa.

Basi Atuganile akashona kwa cherehani ya mkono ya marehemu mama yake, mpaka vidole vikavimba. Kupiga pasi tu ndiko kulikokuwa rahisi. Alijaza pasi ya mkaa vipande vya moto kutoka mlangoni mwa boila, vile vilivyokwisha moshi. Familia ile haikuwahi kupata kingine kutoka kituoni, ukiacha sabuni.

Jumamosi kwaya iliimba harusini, hoteli moja ya Kunduchi. Majoho yote ishirini na manne yalinyooka. Atuganile alisimama nyuma na sindano yake, akitazama taa. Zilikuwepo kwenye minazi, kwenye ngazi, hata ndani ya maji ya bwawa la kuogelea, ambako hapakuwa na mtu. Saa moja jioni, keki inakatwa, zikafifia kidogo, zikarudi.

Meneja alikunja uso. "Nani anazembea huko?"

Alipofika nyumbani akamweleza baba yake. Mzee aliegemea beleshi, akafikiri.

"Saa moja? Nilikaa kula ule ugali wako."

"Wamelalamika."

"Haki yao. Mshale uligusa mstari." Akafungua mlango wa boila, akasambaza makaa, nyuma kwanza kisha mbele. "Kesho nikorogee uji. Nitakunywa nimesimama."

Atuganile akawasha koroboi, akaingia ndani kutafuta kikombe chenye mkono.