Lami ya Taka Kilimani Lukwele

Jonathan aliisimamisha eskaveta, mtambo wake wa kuchimbia, chini ya kilima cha Lukwele, akachungulia kutoka kwenye kibanda chake cha vioo, akanitazama mimi badala ya barabara.

"Injinia Mwanvita, hii minyororo ya chuma itaichana lami yako. Nipande?"

Mvua ilikuwa imekatika muda mfupi tu. Maji ya rangi ya chai ya maziwa bado yaliteremka juu ya lami, yakibeba majani ya migomba na matawi ya mikarafuu. Lori lililobeba mtambo lilikuwa limezama nyuma yetu kwenye tope la njia ya Kinole. Kuanzia hapo eskaveta ingejipandisha yenyewe. Juu, kijijini, ukingo wa mlima ulikuwa umeporomokea nyumba ya Ezekiel, mkulima wa pilipili manga, na mkewe Kristina alikuwa ndani. Waliokimbia kutuita walisema sauti yake ilisikika chini ya paa lililoanguka, na ilikuwa ikififia. Majembe yalikuwa yameshindwa na mawe.

Lami ile niliipigania mimi. Tuliipika kwa mifuko na ndoo zilizopasuka kutoka madampo ya Morogoro mjini, tukachanganya na lami chakavu iliyokwanguliwa kwenye barabara kuu upande wa Mikese. Kabla ya hapo, nilipolipeleka wazo hilo kijijini, kikao kilifanyika kwenye uwanja wa kanisa, na aliyesimama kunikabili alikuwa Mzee Benedikto, baba yake Ezekiel, ambaye shamba lake linapakana na kilima. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha hakunipa nafasi ya kupumua.

"Mwanangu, changarawe tunaijua. Masika yanashuka nayo mtoni, kiangazi tunairudisha. Hii yako ni ghali kuliko changarawe, na imepikwa na takataka. Itadumu miaka mingapi?"

"Sijui, baba."

Watu wakaangua kicheko. Nikasubiri kiishe.

"Kwingine imedumu," nikasema. "Kwa mvua za Uluguru na mteremko kama huu, hakuna aliyewahi kuijaribu. Ndiyo maana naomba kilima tu, pale magari yanapokwama. Ikidumu, gharama yake itajirudisha. Isipodumu, tutakuwa tumepata hasara."

"Na ikibomoka, plastiki itaingia kwenye kijito changu?"

"Itaingia."

Alinitazama mpaka nikatamani kuinamisha macho. "Basi angalau hukunidanganya," akasema, akakaa chini. Baada ya hapo hakuna aliyepinga.

Tangu hapo kila masika yalipokwisha nilirudi Lukwele, nikapiga magoti, nikapapasa lami kwa vidole kutafuta ufa, nikachota maji ya kijito kwenda kuyapima. Pande zote mbili za kilima, changarawe iliondoka na kurudishwa, ikaondoka tena. Lami ya taka ilikaa. Wakuu wangu wa kazi walikuwa wameanza kuniuliza maswali kwa heshima. Walichotaka ni ushahidi wa miaka mingine, na barabara isiyoguswa na kitu chochote kizito kama kile kilichokuwa kikinguruma mbele yangu. Ikichanika, ningepoteza kazi yote ile. Ikichanika mtambo ukiwa katikati ya mteremko, ningempoteza na Jonathan.

"Unaogopa?" nilimuuliza.

"Naogopa."

"Na mimi pia. Panda."

Minyororo ikauma lami, eskaveta ikaanza kupanda taratibu, mkono wake mrefu ukiwa umenyooshwa mbele kama mtu anayepapasa gizani. Nilichuchumaa kando ya mfereji nikaweka kiganja barabarani. Nilihisi mtetemo ukipita mifupani hadi begani. Kwenye kona kali mtambo uliserereka kinyumenyume, mtu mmoja akapiga ukelele, "Ee Mulungu!" Nami nikangoja kusikia lami ikipasuka.

Haikupasuka. Minyororo ilishika. Tani zote zile za chuma zilining'inia pale juu ya mifuko tuliyokuwa tukibebea nyanya na ndoo tulizotupa zilipopasuka. Kisha zikasogea, zikapanda, zikapotea nyuma ya migomba. Nimesoma nguvu za vitu kwa miaka mingi, nimeziandika kwa kanuni ubaoni. Asubuhi ile sikukumbuka kanuni hata moja.

Jua lilipokuwa limewaka vizuri, mtambo ukiwa umeondoa mawe, Kristina alitolewa mguu umevunjika, amejaa udongo mpaka kwenye kope, akiomba maji. Ezekiel alimnywesha kwa kikombe cha jirani.

Nilishuka peke yangu kuikagua lami. Minyororo ilikuwa imeacha alama kilima kizima, mistari myeupe kama ya meno, lakini hakuna mahali ilipobanduka. Maji yalikuwa yamekwisha kukauka na mvuke mwembamba ulipanda kutoka barabarani. Nikamsikia mtu akishuka nyuma yangu. Alikuwa Mzee Benedikto, na suruali yake ilikuwa nzito kwa tope.

"Imeumia?" aliuliza.

"Imekwaruzika, baba."

Alivua mabuti yake, akayashika mkononi. Akakanyaga lami kwa unyayo mmoja, kama mtu anayejaribu maji ya kuoga, kisha na wa pili, akasimama pale huku mvuke ukimzunguka miguuni.

"Ina joto," akasema. "Na bado ipo."