Njia ya Nne

Nikutegee: kila mtu anaikanyaga, haigombi, ikiachwa bila kukanyagwa, inakufa. Ni nini? Njia. Umeipata? Haya, kaa nikusimulie.

Mimi ndiye mfagiaji wa njia za msitu mtakatifu, mwaka wa thelathini sasa. Njia ni nne. Tatu ni za wageni. Ya nne naifagia mpaka kwenye gogo lililoanguka, basi, narudi. Mwanamke aliyevuka gogo kwenda kuomba hasimulii. Akisimulia, alichopewa huchukuliwa. Ndivyo tulivyoambiwa tukiwa wasichana.

Asubuhi hiyo mkwe wangu, mchoraji wa ramani katika ofisi ya msitu, alitandaza karatasi mezani.

"Mama, saa kumi ramani inakwenda kwa mkubwa. Njia isiyo na maelezo anaifungulia watembezi. Hii ya nne inafika wapi?"

"Nitajuaje? Mimi na ufagio wangu tunaishia kwenye gogo."

"Miaka thelathini, Mama! Hata ufagio ungechungulia."

Nikacheka. Nikatoka, nikafagia palipokwisha kufagiwa. Nikampigia simu mwanangu, mume wake, fundi wa magari.

"Uko salama?"

"Niko chini ya lori, Mama."

"Toka chini ya lori!"

Saa sita nikapiga tena. "Umekula? Kifua hakibani?"

"Mama, nina miaka arobaini na upara juu. Una nini leo?"

Nikakata simu. Nikakaa, nikasimama, nikakaa tena. Saa tisa na nusu nikapita dirishani, nikamwona mkwe ameshika kalamu nyekundu, ile ya kuchorea njia za watembezi. Nikawaza viatu vya wageni, chupa zao, picha zao, na mwanamke wa watu amepiga magoti wanamkodolea macho.

Nikapiga simu mara ya tatu. Hata sijasema hujambo, akadakia, "Nimeshatoka chini ya lori, Mama!"

Nikaingia ofisini bila kubisha.

"Weka kalamu chini, mwanangu."

"Kuna nini, Mama?"

"Inafika kwenye jiwe lenye dimbwi la maji. Hapo ndipo wanawake waliokosa mtoto hupiga magoti. Ndoa yangu ilipofika mwaka wa saba nami nilipiga, nikampata mumeo. Andika hivyo hivyo. Wasipite."