Makaburi Mawili ya Kiriba

Nimefukua makaburi ya watu wa kale kule Sakara, Misri, karibu nusu ya umri wangu, na sijawahi kuogopa kaburi. Asubuhi ile nyumbani Kiriba, kando ya ziwa, niliacha uji upoe mezani. Katapila la barabara lilikuwa limeshafika kwa jirani, na kabla halijaingia kwetu ilibidi makaburi mawili yahamishwe: la mama, na la mke mwenzake, Mama Mugeta. Mama angelazwa upya pembeni ya baba, mlimani. Mama Mugeta angechukuliwa na wanawe kwenda Bunda.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua kwa hakika lipi ni la nani.

Walikufa msimu mmoja wa mvua, wakati wa korona. Misalaba ya mbao ililiwa na mchwa, na ng'ombe wakakanyaga matuta hadi yakawa sawa na shamba. Kaka yangu Masatu alisema mama ni huyu wa kwenye minyaa. Shangazi Hyasinta akasema hapana, huyo ni Mama Mugeta. Kisha wote wakanigeukia mimi.

"Dorah, si ndiyo kazi yako?" shangazi akasema. "Wafalme wa Misri unawatambuaga, mama yako akushinde?"

Wafalme wa Misri wameandikiwa majina ukutani. Na kule nikikosea, naandika masahihisho kwenye ripoti, maisha yanaendelea. Hapa nikikosea, mama anakwenda Bunda na watoto wa mwenzake, na mimi nitampelekea maua mtu mwingine hadi nife. Niliogopa, na mimi nikiogopa hasira hupanda.

"Nyie ndio mlizika," nikasema. "Mimi sikuwepo."

Viwanja vya ndege vilikuwa vimefungwa. Siku ya mazishi nilipiga namba ya mama, nikijua simu yake atakuwa nayo Masatu, angalau nisikie nyimbo. Ikaita hadi ikakata. Nikapiga tena, ikaita hadi ikakata. Tangu hapo mimi na Masatu tunasalimiana kwa adabu tu.

"Alizikwa na kitu chochote?" nikauliza. "Rozari? Kitenge?"

Masatu akaangalia ziwani. "Tulizika kama watu wanavyozikaga."

Shangazi akafunga kanga yake upya.

Udongo wa makaburi yote mawili ulikuwa wa rangi moja, na utaalamu wangu uliishia hapo. Tukaanza na lile ambalo shangazi alisema ndilo la mama, kwa sababu tu yeye ndiye mkubwa. Wachimbaji walipofikia mbao niliwaomba wanipishe, nikashuka na mwiko wangu wa kufukulia na brashi. Mifupa ya wanawake wazee hufanana. Nilijua hilo tangu chuoni, lakini siku hiyo nilitamani liwe uongo.

Nikafika mkononi. Chini ya vidole palikuwa na kitu cheusi. Nikakipangusa polepole. Kilikuwa kitochi cha mama, ile simu yake ndogo ya vibonyezo, kimefungwa mpira mwekundu kuzuia betri isidondoke.

Nikainua uso. Masatu alikuwa analia.

"Alikataa kuiachia," shangazi akasema. "Alikuwa anasema Dorah atapiga. Akakata roho ameishika, tukamwachia. Sasa tunafukia, ikaita. Watu walikimbia, mwanangu. Padri ndiye alisema tuendelee."

"Ikaita tena," Masatu akasema. "Ningekwambiaje hilo?"

Nikakaa mle mle kaburini. Kumbe miaka yote hiyo nimemnunia kaka yangu bure.

"Hicho kitu kitoke," akasema kwa upole bwana afya aliyekuja kusimamia ufukuaji. "Betri ni sumu. Utaratibu hauruhusu."

Nimetoa vitu vingi makaburini: shanga, vioo, viatu vya watoto. Vyote vilipewa namba vikapelekwa stoo, na sikuwahi kujiuliza mwenyewe angesemaje. Nikachomoa betri, nikampa bwana afya. Kisha nikafunga ule mpira tena, nikairudisha simu chini ya vidole vya mama.

"Huyu ni wetu," nikamwambia Masatu. "Shuka unisaidie kumbeba."