Mume Wangu Aliyeoga Mara ya Tatu

Sisi Wadardani, watu wa milimani kaskazini ya Makedonia, tunaoga mara tatu: tukizaliwa, tukifunga ndoa, na tukifa. Wagiriki wakisikia hivyo hucheka mpaka washike mbavu, halafu hao wanaocheka huenda kukaa uchi na wanaume wenzao na kukwanguana migongo kwa chuma. Kila mtu na wazimu wake. Mimi sina ugomvi na mila zetu. Ugomvi wangu ni na mume wangu Epikado, ambaye aliambiwa na mama yake, akaambiwa na mimi, akaambiwa hata na majirani wasiompenda, kwamba mtu hapigi zumari huku akivuka mto kwenye gogo.

Alivuka, na alipiga. Nasikia ulikuwa wimbo mzuri sana hadi pale ulipokatika.

Hata hapo mambo yalikuwa hayajaharibika. Mvua ikikunyeshea, hujaoga. Jasho si kuoga. Ukitumbukia mtoni kwa bahati mbaya, ukatoka ukaenda kujikausha kwenye moshi, wazee hufumba macho. Kwetu kuoga ni maji pamoja na mkono wa mtu mwingine unaosugua. Bila mkono, hakuna kuoga. Lakini chini kidogo ya lile gogo alikuwa amepumzisha nyumbu wake mchuuzi mmoja wa Kigiriki, muuza mafuta ya zeituni, mtu mwenye roho nzuri. Tangu siku hiyo nawaogopa watu wenye roho nzuri. Alimvuta Epikado kwa nywele, akamlaza kwenye majani, akaona amekakamaa kwa baridi. Basi akachemsha maji, akamsugua kifua, mgongo, miguu na hata nyuma ya masikio, akampaka mafuta, akamkwangua. Mtu akafufuka. Mchuuzi akamtakia safari njema, akaenda zake bila kujua kwamba ameua.

Mimi nilikuwa juu ya nyumba nakandika samadi mbichi. Nyumba zetu huchimbwa ardhini, na juu yake hulundikwa samadi, na atakayekuambia kuna nyumba yenye joto kuliko hiyo hajapata kuona baridi. Nikasikia mbwa anabweka kwa hasira. Kugeuka, naona mtu anakuja anang'aa kama yai lililomenywa, ananitabasamia.

"Andena, ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mumeo, jamani!"

"Mume wangu ana rangi," nikamwambia. "Pita njia yako kabla sijamfungua mbwa."

Sauti ndiyo niliyoitambua. Nikashuka taratibu, samadi mikononi, nikamtazama karibu. Alikuwa na madoadoa mabegani ambayo sikuwahi kuyaona tangu siku ya harusi, na siku ya harusi sikutazama mabega. Nakiri nilifurahi kidogo. Kisha mama mkwe wangu, Bi Plaia, akatokeza kichwa mlangoni, akamnusa mwanawe kuanzia shingoni hadi kwapani.

"Mwanangu, nani amekuosha?"

"Mgiriki mmoja, mama. Mtu mzuri kweli."

"Kwa mkono?"

"Kwa mikono yote miwili."

Bi Plaia akavuta kitambaa chake kichwani, akakaa chini, akaanza kulia kilio cha matanga. Epikado akachuchumaa kumbembeleza. "Mama, mbona unalia? Si mimi huyu hapa?"

"Nyamaza wewe! Maiti haiongei watu wanapoililia."

Hapo ndipo nilipoona kinachokuja, nacho kilikuwa tayari kinashuka kilimani. Ni Varzo, mdogo wake Epikado. Kwetu mwanamume akifa, ndugu yake hurithi kondoo, nyumba na mjane. Varzo si mtu mbaya, tusimsingizie. Ila ni mtu ambaye ukimpigia wimbo anauliza kama sufu imepanda bei. Hajawahi kucheka kabla hajauliza wengine wanacheka nini. Alikuwa amebeba blanketi lake.

"Shemeji, pole kwa msiba," akasema, akilitupa blanketi ndani ya nyumba yangu. "Usijali. Mimi nipo."

"Varzo, ndugu yangu," akasema Epikado, "mimi pia nipo."

Varzo hakumjibu. Walio hai hawawajibu wafu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Varzo alikuwa mtu wa kufuata mila.

Tukapelekwa kwa Mzee Trito, mtunza kumbukumbu na mwamuzi wa kabila. Kwetu hakuna kesi inayosikilizwa, hata iwe ya kuku, kabla ya kusimuliwa asili yetu tangu mwanzo. Ndiyo maana watu wengi huona heri kusameheana. Tulijazana nyumbani kwake, mzee akafumba macho, akaanza na Ilirio, jitu lililozaa wana, na kila mwana akawa kabila.

"Dardano alikuwa mwana wa kwanza," akasema.

"Wa tatu!" sauti ikatoka nyuma.

"Nani kakwambia?"

"Babu yangu."

"Babu yako aliokotwa sokoni. Dardano alikuwa wa kwanza."

Ikaja gharika. Dardano akapuliza ngozi ya mbuzi mpaka ikajaa upepo, akaikumbatia, akaelea. Hapa wasimulizi hugawanyika. Wengine husema alielea kutoka ng'ambo ya bahari akafika huku. Wengine husema alitoka huku, akaelea kwenda ng'ambo, akajenga mji mkubwa wenye kuta, na mji ulipochomwa moto watoto wake wakarudi nyumbani. Mzee Trito husimulia yote mawili kwa mkupuo mmoja bila haya. Ukimuuliza, anasema mtu akienda na kurudi, aliyemwona akienda na aliyemwona akirudi wote wamesema kweli. Basi Dardano akatoka majini vidole vimekunjamana kama zabibu kavu, akasema, "Maji nimeyaona. Wanangu wataoga wakifika, wakioana, na wakiondoka. Inatosha."

"Na majirani zetu Waautariati waliokuwa wakioga ovyo," akaongeza mzee, "mbingu iliwanyeshea vyura mpaka wakahama nchi."

Watu wakaitikia kwa huzuni, ingawa najua wengi walitamani kuviona vile vyura. Kisha ikafuata orodha ya wafalme wa Makedonia tuliowapiga, ambayo ni ndefu, na ya waliotupiga, ambayo mzee huikohoa tu. Wakati wote huo marehemu alikuwa amekaa karibu na moto anakula jibini.

Nikasimama. "Mzee, Dardano alilowa gharika nzima na hakufa. Mume wangu kalowa kidogo tu. Kosa liko wapi?"

"Dardano alisuguliwa na nani, binti yangu?"

"Sijui. Labda samaki."

Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. "Samaki hana mkono."

"Haya, mtazameni basi! Maiti gani inakula hivi?"

"Wafu wote wanakula," akajibu mzee kwa upole. "Mwezi ukiandama si tunawapelekea jibini na pombe ya asali makaburini? Unafikiri nani anavimaliza?"

Mbweha ndiye anayevimaliza, kila mtu anajua, lakini hilo halisemwi. Hukumu ikatoka. Epikado amekufa. Atakaa kule mteremkoni kwenye makaburi, na asiye maiti asizungumze naye. Kondoo, nyumba na mjane ni vya Varzo. Na mrithi, kama ilivyo desturi, atawapelekea wafu wake chakula bora kuliko anachokula mwenyewe, na atawalilia.

"Sawa, sawa," akasema Varzo, ambaye masikio yake yalifungwa baada ya neno kondoo.

Epikado akaacha kutafuna. Ndipo alipoelewa, maskini. Akaja karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Usilie, Andena. Nitakupigia zumari kutoka kule. Upepo ukija upande huu utanisikia."

"Na upepo ukigeuka?"

Akanitia mkononi kile kipande cha jibini kilichobaki. Nilimpenda kuliko siku zote, na nilikasirika kuliko siku zote, na nikatoka nje.

Nilikwenda moja kwa moja hadi kijitoni, nyuma ya zizi. Nikasikia watu wote wananifuata wakiulizana. Nilipovua joho, wanawake wakapiga mayowe na wanaume wakageuka, wengine taratibu mno. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga. Nikaingia. Yalikuwa baridi ya kuvunja meno.

"Kulowa si kuoga!" Varzo akapiga kelele. "Hana mkono! Nani atamsugua? Asimguse mtu!"

Alisema kweli. Nikawatazama mashoga zangu mmoja mmoja, nao wakatazama chini, maana ni jambo zito kumwosha mtu aliye hai. Nikamgeukia mama mkwe wangu.

"Mama, nioshe."

Bi Plaia akamtazama mwanawe mdogo, kisha yule mkubwa aliyekuwa amesimama peke yake, maana hakuna aliyetaka kusimama karibu na maiti. Akakunja mikono ya nguo yake, akaingia majini na viatu vyake. Alinisugua kama mtu anayesugua sufuria lililounguza maziwa, huku analia na kunitukana.

"Mjinga mkubwa wewe! Utakapozikwa kweli utakwenda kwa mababu na uchafu wako wote. Watakuuliza umetoka wapi!"

"Watanusa, mama."

"Geuka nikuoshe mgongo."

Nilipotoka, nilijiona mikono nikashtuka. Kumbe mimi ni mweupe hivyo. Varzo akaja mbio kunifunika kwa joho langu, na Mzee Trito akamzuia kwa fimbo.

"Unakwenda wapi?"

"Kumchukua mke wangu."

"Varzo, mwanangu, kurithi mjane ni desturi. Kurithi maiti hata Wamakedonia hawafanyi."

Basi mimi na Epikado tukapanda mteremkoni mchana ule ule, wafu wawili tumeshikana mikono. Tulichimba nyumba yetu kando ya makaburi. Hatuitwi vitani, hatukaribishwi harusini, na siku ya kufa kweli hakuna atakayetuosha. Hilo la mwisho huniuma, sisemi uongo. Kisha Epikado hupiga zumari, nami husahau.

Mwezi ulipoandama, Varzo akapanda kilima. Desturi ni desturi, na mama yake alikuwa nyuma yake na fimbo. Alibeba jibini la mwaka jana lililoiva sawasawa, lile ambalo Wagiriki hulipigania, pamoja na mtungi wa pombe ya asali na mguu wa kondoo. Akaviweka mbele yetu. Epikado akakata kipande, akakitafuna polepole, akanigeukia.

"Chumvi imepungua kidogo."

"Mwezi ujao ataongeza," nikasema. "Na mkate uwe wa moto."

Varzo alikuwa na mengi ya kusema, lakini aliye hai hamjibu maiti. Bi Plaia akamgusa begani kwa fimbo. Akapiga magoti, akalitazama jibini, akatutazama sisi tunavyotafuna, akatazama kule bondeni kondoo wake walikokuwa wakinenepa kwa ajili yetu. Akaanza kulia. Nimekaa matanga mengi katika maisha yangu, lakini sijaona mtu aliyemlilia ndugu yake kwa uchungu wa kweli kama ule.