Umeme Ulioishia Njiani

Philomena alitoa shamba la marehemu baba yake kwa ahadi ya mashine ya kusaga. Lilimezwa na shamba la ngano la serikali, na meneja Nikolausi akawaambia kina mama wa kijiji cha Dirma kwamba safari za kwenda kusaga Katesh na gunia mgongoni zimekwisha: umeme wa jenereta utawafuata kijijini.

Uliwafuata kweli, ila ulifika hoi. Siku ya kuwasha, mashine iliguna kama mzee aliyeamshwa mapema, ikatikisa mkanda, ikanyamaza. Taa juu yake iliwaka nyekundu kama kaa la kiko.

"Inaona haya, watu ni wengi," mtu akatania. Philomena hakucheka.

Isidori, fundi wa shamba, alizima umeme, akamwita. "Mama, shika hapa."

Waya ulikuwa na joto.

"Umeme wako ndio huo. Umeishia kupasha waya moto." Jenereta, alisema, waliileta wageni walioanzisha shamba, ikiwa na volti mia na kumi kama nyumba za kwao. Volti zikiwa chache, mashine hudai mkondo mkubwa. Na mkondo mkubwa kwenye waya mrefu hupotea kwa joto. "Tukiifunga upya itoe mia mbili na ishirini, mkondo unabaki nusu, hasara inabaki robo. Mota ya mashine inakubali volti zote mbili. Ni kazi ya asubuhi moja."

"Sasa unasubiri nini, mwanangu?"

"Friji ya meneja. Na jiko lake, na pasi. Vyote waliviacha wageni, vya mia na kumi. Vitaungua."

Philomena akamfuata meneja nyumbani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Baba, tufungie umeme wenye nguvu."

"Vyombo hivi ni mali ya umma, mama, siwezi kuviunguza. Niliahidi umeme, umeme haukufika?"

"Ulifika. Hata mimi Katesh hufika, ila kwa uchovu ule siwezi kusaga hata punje."

Meneja alicheka mpaka akashika tumbo, akaahidi kulishughulikia jambo hilo. Akalishughulikia: mashine ikang'olewa kijijini, ikafungwa ndani ya uzio wa nyumba yake, hatua chache kutoka kwenye jenereta. Kwa waya mfupi namna ile ilizunguka kama ina wazimu.

Philomena alipofika na mahindi yake, mlinzi alimzuia getini.

"Leo inasaga chakula cha nguruwe wa meneja. Rudi kesho, mama." Alipogeuka kushika njia ya mkato, mlinzi akamwita tena. "Hapo usikanyage, ni ngano ya serikali."

Lilikuwa shamba la baba yake. Philomena akainua gunia, akazunguka.