Taa ya Modemu Olbalbal

Bodi ya kompyuta ilisema umeme wa modemu umekatika, lakini taa ya modemu kule juu ya nguzo ilikuwa inawaka. Nilikuwa nimeandika amri ileile mara ya nane na bado sikuelewa chochote.

Mwaka huo, 2009, nilifunga bodi ndogo ya Linux kwenye tangi la maji la Olbalbal. Kila asubuhi, kupitia modemu yenye laini ya simu, iliwatumia wafugaji ujumbe: maji yapo, au hayapo. Modemu ikiganda, bodi ingekata umeme wa tundu lake la USB kwa sekunde kumi, kisha iurudishe, modemu iamke yenyewe. Dukani kwangu Karatu niliijaribu siku nzima bila kukosea. Nikajigamba sana.

Mwezi uliofuata modemu iliganda, haikuamka. Mzee Moloimet hakupata ujumbe, akaswaga ng'ombe siku mbili hadi kwenye tangi kavu. Ndama watatu walifia njiani.

Sasa alikuwa ameketi juu ya ndoo, ananitazama. "Alhamisi nahama tena, fundi Hilary," alisema. "Nataka kujua kama nitaiamini hii."

Nikaongeza sekunde zikawa thelathini. Wapi. Kwa hasira nikachomoa waya wa bodi kwenye betri. Bodi ikazima kabisa. Modemu ikaendelea kuwaka, na hapo kichwa kikanizunguka kweli.

Nikaufuata waya wake kwa kidole, kutoka kwenye nguzo hadi nyuma ya betri. Uliishia kwenye kikasha cheusi chenye matundu manne ya USB, kilichochomekwa kwenye tundu la bodi, lakini umeme kilikuwa kinapata moja kwa moja kutoka kwenye betri; bodi ikikata wake, chenyewe kiliendelea kuilisha modemu. Simu tatu zilikuwa zinachajiwa hapo.

"Hicho nilikiweka mimi," alisema Moloimet. "Bodi yako ina tundu moja tu. Simu zikizima, ujumbe wako tutaupataje?"

Nilitaka kumfokea, kisha nikakigeuza kikasha. Kibandiko cha bei kilikuwa na mwandiko wangu. Nilimuuzia mimi mwenyewe siku ya mnada, nikamwonyesha na namna ya kukiunga na betri.

Nikaiunga tena bodi kwenye betri, nikairudisha modemu kwenye tundu la bodi, kikasha nikakiachia simu. Nikatoa amri. Taa ikazima. Baada ya sekunde thelathini ikawaka, na muda si mrefu simu zote tatu zikalia.

"Kwa hiyo ndama wangu wameuawa na simu," alisema.

"Hapana, mzee. Nilikuuzia kikasha, sikukuuliza unakwenda kukifunga wapi." Nilijisikia vibaya sana.

Mzee aliinuka kwenye ndoo. Akachukua simu yake, akausoma ujumbe, kisha akapanda ngazi kuchungulia tangini kwa macho yake.